Kinu, Mchi na Gia za Mjomba

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike alinichukua kwa gari lake kunipeleka Bagamoyo kumwona kaka yangu, ambaye alikuwa hajiwezi kitandani. Tulipopita Bunju nikaanza kumtazama miguu. Wa kulia ulikuwa unafanya kazi, wa kushoto umelala tu, hata kiatu kakivua. Nikamuuliza mguu huu mwingine kazi yake nini. Akacheka, akaniambia, "Hauna kazi, bibi. Gari hili linabadili gia lenyewe." Ana miaka ishirini na miwili, anaendesha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anakula korosho. Sasa wewe niambie, mtu wa umri wangu anatakiwa ahisi nini hapo? Mwingine angesema mashaallah akafurahi. Mimi niliona wivu, wivu wenyewe hasa. Nikageukia dirishani asije akaniona uso.

Maana mimi gia nilizijua kabla mama yake hajazaliwa. Nilizijua zote nne na ile ya kurudi nyuma, na usukani sikuwahi kuushika hata siku moja.

Nyumbani kwetu Bagamoyo, miaka ile kabla ya uhuru, tulikuwa watu wanne: bibi mzaa mama, mjomba, kaka yangu na mimi. Wazazi wetu walikuwa wametangulia mbele ya haki, na mjomba ndiye aliyetulea. Alikuwa na lori moja kuukuu, la kijani kilichopauka, mlango wa abiria umefungwa kwa kamba ya katani. Alibeba nazi na mbata kutoka Kaole na vijiji vya jirani kupeleka Dar es Salaam. Wakati wa mvua safari ile ilimchukua siku mbili, akarudi na tope mpaka kwenye kofia. Harufu yake ya mbata na petroli naikumbuka kuliko hata sura yake. Nikisikia mtu anatengeneza injini mahali, hadi leo najikuta nimesimama.

Kaka alipotimiza miaka kumi na sita, mjomba alitangaza kwamba atamfundisha kuendesha. Mimi nilikuwa na kumi na minne. Hakuna aliyenitazama tangazo hilo lilipotolewa. Niliambiwa nitoe vyombo.

Lakini mjomba alikuwa mtu wa kuhurumia mali yake. Lori lilikuwa moja, petroli ya kubahatisha, na hakutaka mtoto ajifunzie kwenye gia zake mpaka azimalize meno. Kwa hiyo darasa lilianzia uani kwetu, kwenye vyombo vya jiko. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, akaja akaniambia, "Inuka mama, hicho kiti cha dereva." Akamkalisha kaka juu ya mbuzi ile, meno ya kukunia yamemtokeza mbele katikati ya magoti. Akampa ungo ashike kwa mikono miwili, huo ndio usukani. Chini akampangia vifuu vitatu vya nazi: klachi, breki, mafuta. Ubavuni kushoto akasogeza kinu, mchi umesimama ndani yake, na mchi huo ndio uliokuwa gia. Ukiusukuma mbele ni gia ya kwanza, ukiuvuta nyuma ni ya pili, ukiulaza kwako ukausukuma tena ni ya tatu, ukiuvuta ni ya nne.

Bibi alitoka jikoni akatazama, akashika kiuno. "Na sisi leo tutakula nini? Gia kwa mchuzi wa petroli?"

Ungo wake ulikuwa unakata kona.

Mimi nilisimama pembeni na vipande vyangu vya nazi, nikingoja mbuzi irudi, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikasikiliza. Lori lile lilikuwa la zamani, gia zake hazikukubali kuingia kwa klachi moja. Ilikuwa lazima ukanyage, ulete mchi katikati, uachie, ukanyage tena, ndipo uingize. Ukiruka hatua moja, mjomba alipiga ukelele wa chuma kusagika, kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka kuku wakakimbia. "Usiikanyage klachi kama unaua nge," alimwambia kaka. "Na usiiachie kama umeungua."

Kuondoka ndiko kulikokuwa kazi kubwa, na hapo mjomba alikuwa na njia yake, ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Mguu wa klachi uliinuka kwa kipimo cha bismillahi. Ukianza kusema Bismillahi, mguu unaanza kupanda. Ukifika Rrahmani, unausimamisha hapohapo, lori lishike, na mguu wa pili unaongeza mafuta kidogo. Ukimaliza Rrahim, mguu umekwisha kutoka. Isiwe mbio, isiwe kwa kuvuta kama unasoma maulidi. Alisema anayesema bismillahi yake vizuri hazimi gari.

Kaka hakuwa na miguu. Nasema hivi kwa haki kabisa, si kwa wivu, ingawa wivu nilikuwa nao wa kujaza pipa. Mguu wa kushoto ukiinuka, wa kulia nao ulitaka kuufuata. Mimi nikiwa nimesimama pale, kanga imeniangukia mpaka vidoleni, miguu yangu ilikuwa inakwenda yenyewe: huu unapanda, huu unashuka, Bismillahi, simama, Rrahmani, ongeza. Wiki ya pili nilikuwa naweza kubadili gia huku nachambua mchele.

Na nilimwonea wivu kaka kwa mengine mengi. Finyango la nyama lilikuwa lake. Dar alishaiona mara mbili, amekaa juu ya magunia ya mbata, akarudi kutusimulia taa za barabarani mimi nikimfulia nguo. Isitoshe, bibi alikwisha sema kwamba Ramadhani ikimalizika naingizwa ndani, kama wasichana wote wa mtaa wetu waliovunja ungo. Nilibakiwa na miezi michache ya kuona barabara. Nilitaka kitu kimoja tu kabla ya hapo: nilishike lori lile mara moja, nilihisi likiondoka chini ya mguu wangu.

Basi siku moja baada ya sala ya alasiri, mjomba akiwa hayupo, kaka alinifuata uani. Aliona haya, akawa anakuna kichwa. "Nifundishe kile kipimo cha klachi," akasema. "Wewe nimekuona, unaweza."

"Nitapata nini?"

"Nikikabidhiwa gari nitakupeleka kule uwandani kwenye chumvi, hakuna watu. Utaendesha."

Alikula kiapo kwa jina la marehemu mama. Nikamkalisha juu ya mbuzi, nikamfundisha kila alasiri wiki tatu, nikimshika goti kwa mkono wangu na kulisukuma chini hadi miguu yake ikaanza kuelewana. Siku za mwisho mjomba alimkuta amebadili gia tatu mfululizo bila kosa, akampiga begani. "Umekuwa dereva sasa." Mimi nilikuwa natwanga kisamvu pembeni. Nilitwanga mpaka bibi akauliza kama nataka kutoboa kinu.

Baada ya hapo kaka akahamia kwenye lori lenyewe, ndani ya mashamba ya minazi, mara tatu au nne. Alirudi akinuka petroli. Hapo ndipo alipobadilika. Akaanza kutembea ametanua mikono kama mtu mwenye majipu kwapani. Akaanza kuniita abiria. "Abiria, niletee maji." Nilipomkumbusha ahadi yetu ya uwandani, alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Tutaona. Gari si kitu cha kuchezewa na wanawake." Na mimi ndiye niliyemshika goti.

Ikaja harusi ya ndugu zetu Kaole. Mjomba akasema mbele ya wote kwamba kaka ndiye atakayetutoa pale nyumbani mpaka Kaole, na tukifika salama, wiki inayofuata anampeleka Dar akatafutiwe leseni. Mtaa mzima ukajua. Alasiri ya kuamkia siku ile kaka alinijia tena, safari hii mdogo kabisa. Alikuwa anaogopa kusoma bismillahi nzima kwa sauti mbele ya wanawake wote wale, wangemcheka. Akaniuliza afanyeje.

Nilijua jibu. Ningemwambia aisome moyoni, kwa mwendo uleule. Badala yake nilimwambia, "Fupisha. Wewe umeshazoea. Sema Bismillahi tu, uachie." Akakaa juu ya mbuzi akajaribu, na bila shaka ilikubali, maana kinu hakizimiki. Akaniambia ahsante. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia ahsante tangu tuanze.

Asubuhi wanawake walipanda nyuma ya lori kwa vigelegele, na kanga mpya, na masufuria. Mke wa jirani yetu alipakata beseni kubwa la kaimati zilizozama kwenye shira. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya dirisha la dereva. Mjomba alizungusha hendeli ya kuwashia, akapanda upande wa pili kwa kurukia juu ya mlango uliofungwa, akatikisa kichwa kumruhusu. Niliona midomo ya kaka ikitikisika mara moja tu. Lori liliruka mbele kama lililopigwa teke, likazima. Vigelegele vikakatika. Beseni liliruka na mwenyewe, na shira yote ikamwagikia mama mmoja aliyevaa doti ya harusi ambayo hata haijafuliwa. Wakaanguka watu juu ya watu. Mjomba alishuka, akazungusha tena. Likaruka tena, likazima. Mara ya tatu kaka alikuwa analia, na watoto wa mtaa wote wamesimama pale wakishangilia kila likiruka.

Mjomba hakumgombeza. Alimwambia, "Shuka, baba," kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi. Akaendesha mwenyewe. Kaka alibaki barabarani, na tulipokata kona nilimwona bado amesimama, mikono imening'inia.

Nilitegemea kufurahi. Nilifurahi, nisikudanganye, mpaka karibu na Kaole. Halafu nikakumbuka kwamba sasa hakuna wa kunipeleka uwandani.

Mjomba hakumkalisha tena kwenye usukani. Kaka akapelekwa kwa fundi cherehani, na alishona kanzu katika baraza ya fundi yule maisha yake yote. Mimi niliingizwa ndani, nikaozwa Dar, nikazaa. Mjomba aliuza lori, akafa. Ile mbuzi sijui ilikwenda wapi, na ile njia yetu ya mashambani leo imejaa nyumba za mabati mekundu.

Ndiyo maana siku ile mwaka jana, mjukuu wangu alipotoka kwenda kununua maji, niliona kama sitasema sasa sitasema tena. Kaka alikuwa amebaki macho na mifupa.

"Kaka, ile siku ya harusi ya Kaole, mimi ndiye niliyekuzima. Nilijua litazima nilipokwambia ufupishe. Nilikuonea wivu. Nisamehe."

Nikaona kifua chake kinatikisika. Alikuwa anacheka.

"Basi na wewe nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Siku ileile mlivyorudi, mjomba alinifuata nyuma ya nyumba. Akaniambia, 'Dereva wa nyumba hii ni dada yako. Nilimwona uani akikufundisha. Nenda kamwite, nimpeleke uwandani kabla bibi yenu hajamweka ndani. Ashike usukani yeye mwenyewe.' Nikaja mpaka mlangoni. Ulikuwa unafua doti ya yule mama, ile ya shira. Nikakutazama. Nikarudi nikamwambia umekataa, unaogopa."

Nilikuwa nimemshika mkono. Sikuuachia, lakini sijui nilikuwa namshika au najishika mimi.

"Alisemaje?"

"Alisema, basi. Akaenda kusali."

"Sio hapo. Hapo mwanzo. Alisemaje kuhusu mimi?"

Akarudia. Nikamwambia arudie tena, polepole, na sauti aifanye ya mjomba. Alijaribu, maskini, pumzi zikamwishia katikati, na sauti haikuwa ya mjomba, ilikuwa ya mzee anayekufa. Nikamwambia basi, pumzika, yameisha. Tukasameheana pale, Mungu ni shahidi, na mwezi uliofuata tukamzika.

Lakini nilipofika nyumbani baada ya maziko, nililia kwa jambo ambalo sikumwambia mtu. Miaka yote ile maneno yale ya mjomba yalikuwa yangu, na aliyeyasikia ni kaka.