Shikamoo ya Kwenye Kompyuta

Febronia alikuwa anaolewa Jumamosi kule Kinampanda, na hadi Jumatano alikuwa hajapata ruhusa kazini. Hebu fikiria! Ndoa imeshatangazwa kanisani, mbuzi wamenunuliwa, mashangazi wanagombania sare, na bi harusi mwenyewe bado yuko Singida mjini anapiga chapa bei ya mashudu ya alizeti.

Alikuwa katibu muhtasi wa kiwanda cha kukamua alizeti cha Mzee Bhavesh. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye mashine anakamua, na Mzee alikuwa amehamia Dar es Salaam kusaka wateja. Aliacha kompyuta moja na amri mbili. Mambo ya ofisi yaje kwa barua pepe, simu ni gharama. Na atakayeondoka msimu wa alizeti bila ruhusa asirudi. Simeoni wa stoo alikwenda kwenye ubatizo wa mwanawe, akarudi akakuta nafasi yake ina mtu.

Sasa Febronia wa watu, binti aliyelelewa akaleleka, alipokuta barua pepe ina mstari juu kabisa unaotangulia mengine yote, aliweka nini? Salamu! Utamwanzaje mtu mzima bila salamu? Akaandika "Shikamoo Mzee", na kule ndani, kwa adabu zote, ombi la ruhusa. Jibu likaja: "Marahaba." Basi! Akatuma nyingine: "Shikamoo tena Mzee." Akajibiwa: "Marahaba, mwanangu." Akatuma "Shikamoo sana Mzee". "Marahaba sana!"

"Huyu mzee ananichezea," akamlalamikia Ritha, keshia. "Mimi nalilia ruhusa, yeye ananiitikia tu."

Ritha akachungulia kioo cha kompyuta, akacheka mpaka akashika meza. "We Febronia! Mzee anapokea barua chungu nzima. Akiona shikamoo anaitikia, anapita zake. Hata hazifungui! Andika shida yako hapo juu."

"Bila shikamoo? Nimvamie mtu wa umri wa baba yangu?"

"Basi usiolewe."

Ah, hapo alimweza. Febronia akafumba jicho moja, akaandika: NAOLEWA JUMAMOSI HII, NAOMBA RUHUSA. Akabonyeza, akaruka kutoka kitini utadhani mashine itamzaba kofi. Aibu ilimwasha mwili mzima. Akachukua ufagio, akafagia ofisi iliyokwisha kufagiwa.

Mchana jibu likaingia. Juu limeandikwa: SIKU HIZI HUNISALIMII?

"Yesu na Maria! Nimefukuzwa!" Chozi hilo. Akafungua droo, akaanza kukusanya kitana, kanga na kikombe chake cha chai, huku akitunga maneno ya kumwambia Gasto, mchumba wake, kwamba anaoa mwanamke asiye na kazi.

"Umeisoma?" Ritha akauliza.

"Ya nini kuifungua? Si nimeshaona hapo juu!"

Ritha akabana midomo kuzuia kicheko, akamwonyesha kompyuta kwa kidole. Febronia akarudi kitini pole pole, akafungua.

"Ruhusa wiki mbili," Mzee alikuwa ameandika. "Mafuta ya kupikia harusini chukua stoo. Mimi na mke wangu tunakuja. Hiyo shikamoo yangu utanipa huko huko, mbele za watu."

Yowe alilopiga! Wakamuaji walizima mashine, wakaja mbio wakidhani ofisi inaungua, wakamkuta bi harusi anacheza na ufagio.

Alipotulia akaketi kujibu. Pale juu akaandika, "Shikamoo Mzee." Safari hii ndani hakuweka kitu.