Sauti Isiyosubiri Kujibiwa

Nimerudi kutoka Mafinga na hasira zangu, na leo nakumwagia wewe, maana kila ninayemweleza ananicheka. Nimegombana na simu. Simu yangu mwenyewe, niliyoinunua kwa jasho langu, tena mbele ya bibi yangu!

Ngoja nikueleze tulikotoka. Nilipokuwa mdogo, msimu wa kupukuchua mahindi ukifika, majirani walikuwa wanajaa jikoni kwa Bibi. Nje baridi inauma masikio, ndani moshi, viazi vinaiva kwenye majivu, na nguo za jirani yetu fundi seremala zinanukia mbao mbichi za paina. Sisi watoto vidole vilituwaka, lakini nani aende kulala? Mwalimu wa shule yetu alikuwa anakuja na kitabu chake.

Kilikuwa riwaya ya zamani ya Kiingereza, naye alikuwa akiitafsiri papo hapo, kwa Kiswahili, na Kihehe kidogo kwa ajili ya wazee. Habari za jiji ambalo kila nyumba imewekewa sauti ukutani. Inakuamsha, inakupangia chakula, inakuchagulia mchumba, na haina pa kuizimia. Kijana mmoja anataka kutoroka. Mwalimu alituambia sauti ile ni ishara, kwamba mwandishi alikuwa anatabiri mitambo itakayokuja kututawala.

"Ishara ya nini, Mwalimu?" fundi akauliza. "Si akate waya tu!"

Bibi naye ndiyo kabisa. "Hiyo sauti inajua baridi itaunguza viazi shambani lini? Basi niletee mimi, nitaishi nayo vizuri."

Jiko zima likaangua kicheko. Maskini mwalimu, alivyokuwa anachukia! Alitaka waogope, wao wanaagiza mashine. Anafunga kitabu, kidole kimebaki ndani kwenye ukurasa, anabishana nao mpaka chai inapoa. Sisi watoto tulinung'unika, tulitaka hadithi iende. Hasomi hata mstari mmoja kabla hajamjibu Bibi. Ndiyo maana hakukimaliza. Akahamishiwa Ubaruku, huko kwenye mpunga, akaondoka na kitabu, kijana wa watu tumemwacha anakaribia lango la jiji. Tangu hapo kila nikienda kumsalimia, Bibi lazima aulize, "Hivi yule kijana, alitoka?"

Safari hii nikasema leo namaliza deni hilo. Kitabu nilikuwa nimekipata kwenye simu, na simu yenyewe inakitafsiri na kukusomea kwa Kiswahili kilichonyooka. Nikaiegemeza kwenye kinu, gunia la mahindi katikati yetu. Fundi alishafariki, na majirani siku hizi wanapukuchua kwa mashine. Tulikuwa wawili tu.

Sauti ikaanza pale mwalimu alipoishia, tamu, haikosei. Kijana akafika langoni. Bibi akasimamisha gunzi mkononi.

"Subiri kwanza. Mama yake anajua kama anaondoka?"

Simu ikaendelea.

"Nimesema subiri, wewe! Mtu haondoki hivi hivi bila kumuaga mama yake."

Mimi vidole vimejaa vumbi la mahindi, nagusa kioo, hakisikii. Nafuta kwenye kitenge, nagusa tena, wapi! Bibi anauliza, simu inasoma, mimi napiga kelele. Halafu kimya. Ile sauti ikatuambia tumefika mwisho, je, tungependa hadithi nyingine?

Mwisho ulipita Bibi akiwa anaongea. Nilitamani kuitupa motoni, nakuambia kweli.

"Bibi, nairudisha nyuma sasa hivi. Utasikia kama alitoka."

"Iache," akasema, akachukua gunzi jingine. "Kwanza inijibu nilichouliza."

Nikamkumbuka fundi. Nikaigeuza simu huku na huku mkononi. Haina hata waya wa kukata. Nikaiweka chini, tukaendelea kupukuchua, na jikoni mle hapakuwa na mtu wa kubishana na Bibi.