Bastola Iliyonifunga Mdomo

Watu wa Nateete wakikuelekeza dukani kwangu hawakwambii utafute mabati na saruji. Wanakwambia nyoosha na barabara, ukisikia mwanamke anafoka, umefika. Sikasiriki, maana ni kweli. Nilizaliwa kambini, binti wa askari Mnubi, katika nyumba zilizobanana kiasi kwamba mtoto asiyejua kupaza sauti hata maji ya kuoga hapati. Mdomo ndio ulionipa nafasi sokoni, na mdomo huohuo ndio uliowafukuza matapeli mlangoni pangu miaka yote.

Kisha wezi wa pikipiki wakavamia duka moja la mtaani kwetu mchana kweupe, wakamwonyesha mwenye duka bunduki, wakaondoka na mauzo yake. Nikaona hawa hawatafukuzika kwa kelele. Nikaamua kuomba leseni ya bastola.

Huwezi kuipata bila mwenyekiti wa mtaa kukuandikia kwamba wewe ni mtu wa amani. Mwenyekiti akaitisha kikao, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Akasimama jirani yangu muuza mabeseni. Mimi naye tunagawana kibaraza kimoja, na mpaka wetu ni ufa kwenye sakafu. Kila asubuhi mabeseni yake huuvuka ule ufa, kila asubuhi namwahidi kifo, naye huyarudisha. Ndivyo tunavyosalimiana. Akauliza kikao kwa nini mtu mwenye mdomo kama ule aongezewe silaha ya pili. Watu wakacheka. Nikamwahidi palepale kwamba nitamvunja miguu, na mwenyekiti, aliyeizoea ahadi hiyo, akatia sahihi kwamba mimi ni mtu wa amani.

Polisi wakatupeleka mafunzoni sisi waombaji wa leseni. Nilidhani tutajifunza kulenga shabaha, kumbe kulenga ni kazi ya asubuhi moja, na siku zote zilizobaki ni sheria. Mwalimu wetu alikuwa afande mzee kutoka kaskazini, mwenye Kiswahili cha kambini kilichonikumbusha baba. Alituuliza: mwizi amebeba televisheni yako, anakimbia, utafanya nini? Darasa zima tukasema tutapiga risasi. Akatuambia kwamba darasa zima tumekwenda jela. Mwizi aliyekupa mgongo si hatari tena kwa maisha yako, na sheria inakuruhusu kulinda roho, tena kwa nguvu inayolingana na hatari yenyewe. Bwana mmoja wa Ntinda, mwenye duka kubwa na koti zuri, akauliza kama anaweza kumpiga mguuni tu, kidogo.

Afande akamtazama kwa huruma. "Mguu ya nani? Wewe nalenga mguu ya mwizi, napata mguu ya jirani."

Kisha akanigeukia. Jirani amekuzibia duka, unafanya nini? Hilo nililijua vizuri kuliko kalima ya shahada, astaghfirullah. Nikamweleza kwamba kwanza namwambia aondoke kabla sijamtoa roho. Asipoondoka, namwambia leo ndiyo leo, mkewe atavaa nguo za msiba. Nikaendelea hadi mwisho, kwa sauti ileile ninayoitumia dukani. Nilipomaliza, bwana wa Ntinda alikuwa amesogeza kiti chake mbali nami.

Afande aliweka kalamu chini. "Mama, bila bunduki, hiyo ni mdomo tu. Na bunduki, hiyo ni kesi."

Akafafanua polepole ili yaniingie. Mtu mwenye silaha akitishia, maneno yake hayasikiki tena kama maneno. Tena mwenye kuuchokoza ugomvi hawezi kuukimbilia ulinzi wa sheria ugomvi unapomgeukia. Hakimu atauliza nani alianza, na mashahidi watakuwa soko zima. Nikamuuliza: kwa hiyo mimi nifanye nini? Akasema ninyamaze. Mdomo uliponza kichwa, akaongeza, na wangu ulikuwa na uwezo wa kuponza hata vichwa vya ukoo.

Mtihani nikafaulu, leseni ikaja, na bastola ikakaa kiunoni mwangu chini ya koti. Soko lote lilijua. Asubuhi ya kwanza mabeseni yakavuka mpaka kama kawaida. Nikavuta pumzi, nikasema, "Ndugu yangu, naomba usogeze kidogo, tafadhali." Jirani akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe anafagia. Akayarudisha yote haraka.

Mwenye kufaidi zaidi alikuwa mume wangu, mtu mpole aliyenioa akiwa na masikio yake mawili mazima. Akiunguza maharage, akisahau kulipia umeme, nikifungua kinywa tu ananikumbusha mafundisho ya afande kwa upole kabisa. Nilimwambia afurahie mapema, maana uvumilivu nao una mwisho.

Dukani mambo yakaharibika. Beseni likavuka mpaka, nikasema tafadhali. Kesho yake likaja la pili, nikasema tafadhali na ahsante. Siku zikaenda, mabeseni yakanisogelea, mekundu na ya bluu, hadi mafundi waliokuja kuchukua mabati wakawa hawana pa kupita nayo. Maneno yalinijaa kifuani, nikayameza. Siku fundi wangu mkubwa, mteja wa tangu nilipofungua duka, alipogeuza gari akaenda kununua kwingine, hasira zilinipanda. Mkono ukashuka wenyewe kwenye koti. Haukwenda kufanya kitu, Mungu ni shahidi, ulikwenda tu. Lakini niliuona, na jirani naye aliuona.

Nikafunga duka, nikaenda polisi kuirudisha bastola. Askari wa ghala la silaha akauliza kama ni mbovu. Nikasema nzima. Akauliza kama wezi wameisha. Nikasema wako tele.

"Sasa mama, kwa nini wewe narudisha?"

"Nataka kugombana na jirani."

Aliipokea upesi ajabu. Sijawahi kuhudumiwa hivyo katika ofisi ya serikali.

Nilirudi Nateete, nikasimama kwenye kibaraza, nikavua koti ili kila mtu aone kiuno kitupu. Kisha nikafungua mdomo. Niliyoyasema hayaandikiki yote. Nilianzia kwa mabeseni, nikapitia akili zake, nikamalizia kwa wakwe zake. Madereva wa boda walizima pikipiki wasikie vizuri. Nilijisikia mzima kwa mara ya kwanza tangu leseni ije.

Jirani aliinama, akaanza kukusanya mabeseni. Nilipotua ili nivute pumzi ndipo aliposema, bila kuinua macho.

"Hajati, mimi nilikuwa naogopa sana. Ukipiga kelele, najua roho yako iko wapi. Sasa wewe nanyamaza na bunduki, mimi najua nini? Kila siku nasogeza beseni moja, nangoja utukane, niende nyumbani nilale."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtu yule alikuwa ameusubiri mshindo wangu siku zote hizo. Nilikuwa nimefundishwa sheria nzima ya mtu anayehofia maisha yake, nikaifanyia mtihani na kufaulu, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa na hofu pale kibarazani. Niliona aibu. Nilimwambia pole, neno ambalo hakuwahi kulisikia kwangu, likamtisha zaidi, beseni likamponyoka. Basi nikainama nikayabeba pamoja naye, nikimfokea bila kupumzika, mpaka mikono yake ikaacha kutetemeka.