Riwaya Tuliyoigawana kwa Kipande

Kitabu kilikuwa na kurasa tisini na sita, na sisi tulikuwa watu wanane. Nilizihesabu kurasa hizo dukani Kericho kabla ya kulipa, nikazihesabu tena nje ya duka, kwa sababu mwenye duka alikataa kabisa kunipunguzia bei, na mtu asiyepunguza bei huenda amepunguza kitu kingine. Zilikuwa kamili. Jumamosi ile ile, katika ukumbi wa kambi ya majani chai, nilikiweka mezani, nikatoa wembe, nikakipasua mgongo. Kila mtu akapata kurasa kumi na mbili.

Mwalimu wetu alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa kijana wa upande wa ziwa, karani katika ofisi ya kiwanda, aliyemaliza sekondari na kujitolea kutufundisha fasihi baada ya kazi ya nusu siku. Nilimweleza kwamba hapa kila kazi hufanywa kwa kipande. Mchumaji hupewa mistari yake ya michai. Akiimaliza, siku yake imekwisha. Kwa nini kusoma kuwe tofauti? Kila mtu asome kipande chake, aje kutusimulia, na baada ya wiki mbili tubadilishane. Alifikiri kidogo, akasema kwamba hajawahi kusikia jambo kama hilo. Lakini hakuwa na vitabu vingine saba, kwa hiyo tukaendelea.

Mimi sikuwa mchumaji. Niliuza nguo kuukuu Chepseon na Kapkatet, na mara nyingine Sigor, tangu tulipohama kutoka milima ya magharibi. Nilikuwa na watoto watatu na mgongo uliochoka kubeba marobota. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na walimu walikuwa haba. Shule ya msingi ya kambi ilikubali kunichukua nifundishe hata bila mafunzo, mradi tu niwe na cheti. Cheti nacho kilinikosa kwa karatasi moja, Kiswahili, ambayo nilikuwa nimeifeli tayari mara moja. Mwalimu mkuu aliniambia angeniwekea nafasi hadi matokeo ya mwaka ule yatoke. Nilimwomba aongeze mwaka mmoja. Akasema yeye hauzi nyanya.

Hadithi yenyewe, kama nilivyoipokea kutoka vinywa vya wenzangu, ilikuwa hivi. Mzee mmoja ana binti. Anaamua kumwoza kwa rafiki yake wa tangu ujana. Binti hataki, mama ananyamaza, na mwishowe binti anatorokea misheni. Mimi nilipata kurasa za mwisho, ambapo baba amesimama mlangoni ameshika viatu ambavyo binti amevisahau. Kwa hiyo baba niliyemjua mimi alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Fundi wa boila, aliyepata kurasa za katikati, alimjua baba mwingine, mwenye fimbo. Tulipoambiwa tujadili tabia za mhusika mkuu, tulifanana na mashahidi wa ajali, kila mmoja ameona gari la rangi yake. Nilijipa moyo kwamba tukishabadilishana vipande tutakutana na mtu mmoja. Lakini mvua zilinyesha, majani yakawa mengi, wenzangu wakachuma hadi Jumamosi jioni, na kubadilishana kukasuasua.

Mwalimu aliona tunapotea, akatuandikia dhamira ubaoni: mgongano wa mila na usasa. Baba ni mila. Binti ni usasa. Nililipenda sana jibu hilo. Lilikuwa jepesi kubeba, na pande zake mbili zililingana kama mizani ya mtu mwaminifu. Nililinakili, nikalisoma mara mbili, nikaenda nyumbani nikijiona tayari nimeshika chaki.

Jumamosi iliyofuata alirudi mwenzetu mmoja ambaye hakuwa ameonekana kwa wiki nne. Alikuwa mama Mkipsigis wa umri wangu, mchumaji, mtu wa maneno machache. Hakuwa amejiandikisha kwa mtihani. Alikuja kusoma tu, jambo ambalo lilinishinda kulielewa. Kipande chake kilikuwa ukurasa wa kumi na tatu hadi wa ishirini na nne, na hakuna aliyekuwa amekisikia. Alikitoa kwenye mfuko wa nailoni, akatusimulia ujana wa wale wazee wawili, kisha akatusomea sentensi moja kwa sauti: kwamba waliingia jandoni siku moja, wakakaa kibanda kimoja. Akatazama nyuma ya karatasi, kama mtu anayetafuta alama ya kiwanda.

"Mwalimu," akasema, "huyu aliyeandika ana akili timamu?"

Mwalimu akamwuliza kuna shida gani.

"Hawa ni ipinda moja. Rika moja. Binti wa huyu ni binti wa yule pia. Atamwoaje mtoto wake?"

Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba ile sentensi inaonyesha tu kuwa ni marafiki wa zamani. Mama akasema urafiki ni kitu kingine. Yeye mwanamume yeyote wa rika la baba yake humwita baba, na akimpelekea chai humpelekea kama mtoto. Fundi wa boila, Mkipsigis mwenzake, alikuwa ameacha kutafuna. Akasema harusi kama hiyo kwao hata ng'ombe wa mahari wangekataa kutembea.

"Lakini baba anafuata mila," mwalimu akasema, akionyesha ubao.

"Mila gani? Ameivunja. Anayeishika ni msichana. Amekimbia ili isivunjike."

Mwalimu akasema hadithi haikutungwa huku, ni ya pwani, na huenda desturi za huko ni nyingine. Mama akamwuliza kama yeye ametoka pwani. Hapo mwalimu akafungua nakala yake nzima, akautafuta ukurasa, akasoma midomo ikicheza. Alikuwa amekisoma kile kitabu mara tatu, na mara zote tatu aliipita ile sentensi kama unavyopita mlango wa mtu usiyemdai.

Nilirudi nyumbani na akina baba watatu kichwani. Sokoni ninajua la kufanya wauzaji wawili wakiapa: mmoja anadanganya. Lakini hawa hakuna aliyedanganya. Nikaamua kuuliza watu. Siku ya soko Kapkatet niliwasimulia wateja ile hadithi kana kwamba ni ya jirani yangu. Wakipsigis walichukia, mmoja akataka nimwonyeshe nyumba ya huyo mzee. Watu wa ziwa walimlaumu mama wa binti kwa kunyamaza. Watu wa kwetu waliuliza mahari ilikuwa ng'ombe wangapi. Nilihesabu: kumi na mmoja walisema baba amevunja mila, tisa wakasema ameilinda. Soko lililofuata nilihesabu upya, nikakuta watatu wamehama, na mmoja alikuwa amehesabiwa pande zote mbili kwa sababu alitaka koti.

Nilimfuata yule mama kwenye kituo cha kupimia majani. Alikuwa kwenye foleni, kikapu mgongoni. Nikamwuliza niandike nini. Akasema niandike ninachoamini.

"Mimi ninaamini cheti," nikamwambia.

Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Basi mwulize anayekitoa," akasema, akasogea kwenye mizani.

Siku ya mtihani swali lilikuja, na lilikuja limeshaamua: baba ni mlinzi wa mila, thibitisha. Niliandika jibu la mwalimu, ukurasa mmoja na nusu, kalamu ikiteremka yenyewe. Kisha nikafika mahali pa kutoa mfano, na mfano wa kwanza ulionijia ulikuwa kile kibanda cha jandoni. Nilijaribu kutafuta mwingine. Nilikuwa na watoto watatu, mgongo mmoja, na dakika ishirini na tano. Nikaandika kwamba, hata hivyo, wako wasomaji wanaoona kuwa mzee huyu ndiye mvunjaji, na nikaeleza kwa nini, ukurasa mwingine na nusu. Mwishoni nikaongeza kwamba mtahiniwa ameona ukweli pande zote mbili. Sikuwa nimeuona upande hata mmoja. Nilikusanya karatasi zangu nikijua nimeuza shati moja kwa watu wawili.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata. Nilikuwa nimepita, daraja la chini kabisa linaloitwa kupita. Nilimpelekea mwalimu habari. Akasema msahihishaji bila shaka alisoma ukurasa wa kwanza na nusu akaridhika. Nilimpelekea yule mama. Akasema msahihishaji lazima ni mtu wa kwao. Wote wawili niliwashukuru, na kila mmoja alipokea shukrani yote.

Mwalimu mkuu alikichukua kile kikaratasi, akasoma tarakimu moja iliyokuwa mbele ya neno Kiswahili, akakigeuza nyuma kama nilivyokigeuza mimi, kuona kama kuna maelezo. Nyuma hapakuwa na kitu. Akaniambia nije Jumatatu, darasa la tano, na nisichelewe.