Aliyefunga Maji Nyuma ya Kanisa

Mtasema jua lilinipiga. Semeni. Nilikuwa na brashi mkononi na akili zangu zote kichwani, na haya yalinitokea saa saba mchana, kwenye kanisa moja huko Butiama.

Ni miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, baada ya sisi kupangia foleni hata kipande cha sabuni. Mkandarasi mmoja aliyehama Musoma aliniachia mti mrefu wa alumini, wenye brashi juu na mpira wa maji uliofungwa ubavuni. Nikaanza kuosha madirisha yasiyofikiwa na ngazi. Msaidizi wangu alikuwa binamu yangu wa Kigera, Magesa, mvivu mwenye maneno matamu.

Baba yake Veronika, binti niliyetaka kumwoa, alikuwa mzee wa kanisa hilo. Akanipa kazi kwa sharti.

"Madirisha kumi na mawili. Ila maji ya tangi ni hayo hayo mpaka mvua, na Jumamosi kuna wageni wa kipaimara. Ukiyamaliza maji hayo, Veronika umsahau."

Sasa sikilizeni tulivyokuwaga tunafanya. Koki ilikuwa kwenye tangi, nyuma ya kanisa, nisikoona. Mimi huku mbele nashika mti, napiga kelele "Fungua!" Nikihama dirisha, "Funga!" Magesa anafunga akijisikia. Maji yananishukia kichwani, yanapotelea mchangani.

"Unaniitaga kama ng'ombe aliyepotea!" alipayuka toka huko nyuma.

"Ng'ombe angekuwa ameshafika!"

Baada ya dirisha la nne nilikwenda kugonga tangi. Nusu imekwisha! Nilimwona Veronika akiolewa na mwingine. Nikamgombeza Magesa vibaya, nikarudi kwenye mti wangu.

Kuanzia dirisha la tano, niaminini, mambo yakageuka. Nasema "Funga," maji yanakatika kabla sijafumba mdomo. Hata tone halidondoki.

"Leo umeamka, ndugu yangu!" nilimsifu.

Sauti nzito ikajibu, "Osha, mwanangu. Osha."

Nikacheka. Nilidhani Magesa anaigiza wazee.

Nilikuwa namalizia dirisha la mwisho Magesa alipotokea langoni, mbele yangu kabisa, anatafuna muhogo. "Usininunie, kaka. Ulivyonigombeza nilikasirika, nikaenda zangu jikoni kwa masista."

Mngefanya nini nyinyi? Brashi ilikuwa bado inatoa maji. Nilinong'ona tu: "Funga."

Yakakatika.

Muhogo ukamponyoka Magesa. Tulizunguka nyuma tumeshikana mikono kama watoto. Kwenye jiwe chini ya tangi aliketi mzee, suruali imekunjwa hadi magotini, ukanda wa mpira wa baiskeli umefungwa mkononi. Hakutisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kulima tangu alfajiri.

"Mwanangu," alisema, "weka koki hapo unaposhika mti. Mimi nimechoka kuitwa."

Tukapepesa macho, jiwe likawa tupu. Juu ya koki ulining'inia ule ukanda, umelowa.

Baba Veronika alipouona alivua kofia. "Huu wa Wambura. Alilinda tangi hili mpaka tulipomzika. Ndoo moja ikimwagika, hapati usingizi." Kisha akaligonga tangi. Maji yalikuwa palepale nilipoyaacha kwenye dirisha la nne.

Nilinunua koki ya shaba pale Iringo, Musoma mjini. Nikaukata mpira wa maji usawa wa kifua changu, nikaiunga hapo, na maungio nikayakaza kwa ukanda wa mzee. Hayajavuja hata siku moja. Wenye kazi kama yangu hadi Bunda wameniletea miti yao niwafungie koki, na Veronika ndiye anayenipikia jioni.

Lakini neno "Funga" silipazi tena, hata kwa mlango wa nyumbani. Nawe unayeita mtu usiyemwona, akikuitikia upesi kuliko ulivyomzoea, acha kazi ukamtazame kwanza. Huenda umemwamsha aliyekwisha kupumzika.