Suti ya Baba

Juzi nilimwona mama kwenye taarifa ya habari, amesimama na wenzake nje ya ofisi moja, kila mmoja amebeba picha ya mwanajeshi wake. Papo hapo harufu ya rangi ya viatu ikanirudia.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukikaa chumba kimoja mtaa wa Kianda, jijini. Baba alikuwa ametumwa Somalia na jeshi, na simu yake ilikuwa imenyamaza muda mrefu. Mchana huo babu alifika kutoka Kakamega, akamwomba mama suti ya baba. Nilifurahi kupita kiasi. Nilidhani baba yuko kwa babu na hana cha kuvaa, basi nikavivuta viatu vyake chini ya kitanda, nikaanza kuving'arisha.

Sikujua kwamba kwetu, mwili usipopatikana, mgomba huzikwa badala yake pamoja na nguo za mtu.

"Baba, mimi siziki mgomba," mama alimwambia babu, ameikumbatia ile suti. "Wacha watu wa jeshi waniambie kwanza bwanangu ako wapi."

Babu alilia. Jirani yetu Mama Brayo alisikia kilio akaingia; mwanawe pia alikuwa Somalia, hapatikani. Akampigia simu mama mwingine wa mtaa wa Kabiro aliyekuwa na shida hiyo hiyo, naye akaja. Wakaketi kitandani watatu, hakuna aliyejua waanze kuulizia ofisi gani. Ndivyo kikundi chao kilivyoanza.

"Leta kitabu yako ya shule," mama aliniambia. "Tuandike majina."

Babu alirudi mikono mitupu. Viatu bado viko chini ya kitanda cha mama. Baada ya ile taarifa nilienda kuvijaribu, vikanibana.