Chini ya Mashua ya Papa

Juzi, kando ya barabara hapa Bunia, fundi alikuwa anabandika faiba kwenye bampa la gari. Harufu ya rezini, ile gundi kali ya faiba, ilinirudisha utotoni, chini ya mashua ya Papa.

Ilikuwa mashua kuukuu ya tanga, iliyoletwa kwa lori kutoka ziwani na kupinduliwa uani kwetu. Papa aliniingiza chini yake nishikilie karatasi ya nailoni kwenye tundu kubwa la ubavuni, huku yeye akipaka rezini kwa nje. Kila kitambaa cha faiba alichobandika kilipunguza mwanga: ukawa rangi ya asali, kisha ya chai, kisha giza. Brashi ilikwaruza juu ya kichwa changu. Niliamini ananifungia humo, nikamchukia.

“Papa, giza inaingia! Nataka kutoka!”

“Shikilia tu, mama. Ukiachilia, siye wote hatutatoka.”

Sikumwelewa. Sikujua kwamba vita vilikuwa vinakaribia, na kwamba mashua ile ndiyo Papa aliyoitegemea ituvushe ziwa hadi Uganda.

Rezini ilikauka vizuri. Kesho yake barabara ya kushuka ziwani ilifungwa, na risasi zilipoanza, tulijibana wote chini ya mashua ileile.